Tanuri Lisilokuwa na Gharama za Usafirishaji

Wewe uliliona lile bango. Usiseme hukuliona. Lilikuwa kubwa kuliko duka la dawa lililo nyuma yake, na ulipita chini yake ukienda kazini, ukapita tena ukirudi. Ulitazama simu. Ulitazama viatu vyako. Ulitazama kila kitu kilichowekwa barabarani isipokuwa bango. Ndivyo ulivyofanya mwaka ule wa mapipa ya taka, yalipoletwa mapipa mapya yakafungwa kwa kufuli yasije yakachafuka. Ndivyo ulivyofanya mwaka wa mafagio, wakubwa walipofagia hatua tatu mbele ya kamera, kisha mafagio yakakusanywa, yakapanguswa vumbi, yakarudishwa stoo. Hukusema kitu. Ulikuwa unawahi.

Basi kwa kuwa hukusoma, bango lilisema hivi: SERIKALI YAKO SIKIVU INATANGAZA KWA FURAHA KUZALIWA KWA MAMLAKA YA GHARAMA ZA USAFIRISHAJI WA TAKA ZA PLASTIKI ZINAZOKUSUDIWA KUWA MAFUTA. TAKA YAKO IKO SAFARINI.

Chini yake palikuwa na picha ya Mkurugenzi Mkuu akitazama mbali, upande ambao hakukuwa na taka.

Mamlaka hii ilizaliwa kwa njia zote halali. Wataalamu walikaa hotelini mpaka wakazoeana na paka wa jikoni, wakagundua jambo la kweli: kupika plastiki ikawa mafuta si kazi ngumu, kazi ngumu ni kuifikisha plastiki kwenye tanuri. Plastiki ni nyepesi lakini ina makuu. Lori linajaa hadi juu, ukilipima limebeba uzito wa mbuzi wawili na hewa. Mafuta yanayochomwa njiani yanaweza kuyazidi yale yanayopatikana mwisho wa safari. Wataalamu wakaandika kwamba gharama za usafirishaji zishughulikiwe kwa umakini wa kipekee, wakaaga, wakaondoka.

Serikali ikazishughulikia. Ikaajiri watu wa kuzishughulikia. Ikanunua malori, ikajenga gereji, ikashona sare zenye nembo ya chupa iliyoota mabawa. Kila kitu kikawa tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kugeuza plastiki kuwa mafuta, na hilo halikuwa ndani ya mamlaka ya Mamlaka.

Sasa, katika ghorofa ya tatu ya Mamlaka alikuwepo Mratibu wa Gharama, Daraja la Pili. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali. Alikuwa mpole, msafi, na hajawahi kuchelewa kikao. Wako watumishi wanaojifanya kuamini maneno ya mabango ili siku ipite. Huyu aliamini kweli, na kwa hiyo alikuwa wa hatari kuliko wenzake wote.

Siku moja Mkurugenzi Mkuu akamwita.

"Umeisoma taarifa ya yule mama wa jalalani?"

"Nimeisoma, Mheshimiwa."

"Anageuza plastiki kuwa mafuta."

"Anageuza kweli, Mheshimiwa. Mifuko, mabeseni yaliyopasuka, vizibo."

"Na hayo mafuta yanafanya nini?"

"Yanaendesha pampu ya kisima. Mtaa mzima unachota hapo. Bomba la manispaa lilikauka siku nyingi, sasa watu wanalianikia nguo."

"Vizuri sana. Hebu nisomee kipengele cha usafirishaji."

Mratibu akasoma. "Sifuri."

"Rudia, kuna kiyoyozi kinapiga kelele."

"Sifuri, Mheshimiwa. Tanuri liko pembeni mwa jalala. Anainama, anaokota, anatia."

Mkurugenzi Mkuu akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya tai. "Kijana. Jengo hili lina ghorofa nne. Kila ghorofa ina watu wazima wanaoamka alfajiri kwa ajili ya gharama za usafirishaji. Wana familia. Halafu anatokea mtu huko, anainama, anaokota, anatia. Wewe unaita ubunifu. Mimi naita hujuma."

"Labda hajui, Mheshimiwa. Ni mtu wa kawaida tu."

"Ndiyo sababu nakutuma. Nenda ukaupatie mradi ule gharama. Kwa upole. Mweleze kwamba mradi usio na gharama za usafirishaji hautambuliki, na mradi usiotambulika unapigwa kufuli. Usimtishe."

Mratibu akainua kidole. "Kuna suala la maadili, Mheshimiwa, naona nilitaje mapema. Yule mama ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea. Nakaa kwake, chumba cha uani."

"Kwa hiyo kutoka unapolala hadi kwenye mradi ni mwendo gani?"

"Ni kufungua mlango, Mheshimiwa."

Mkurugenzi Mkuu akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Na wewe huna gharama za kufika. Naona ni tabia ya ukoo. Nenda."

Mratibu alikwenda akiwa na koti. Kabla ya kufika alisimama kwenye kona akafanya mazoezi ya sentensi ya kwanza, kwa sababu shangazi yake alikuwa mwanamke wa kumkatiza mtu sentensi ya kwanza.

Tanuri lenyewe halikuwa na sura ya kutangazwa. Lilikuwa pipa la chuma lililolazwa juu ya matofali, mfuniko umezibwa kwa udongo, ubavuni limetoka bomba linalopita kwenye beseni la maji, na mwisho wa bomba kuna dumu. Moto ukiwaka chini, plastiki inayeyuka ndani, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, na dumuni yanadondoka mafuta yenye rangi ya chai ya rangi. Hatua chache kutoka hapo pampu ilikuwa inanguruma, tu-tu-tu-tu, na foleni ya ndoo imejikunja kama mkanda ulioangushwa chini. Harufu ilikuwa mbaya. Maji yalikuwa mazuri.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Kalamu." Hilo ndilo jina alilompa akiwa na umri wa miaka saba, alipokataa kulala bila kalamu mkononi. "Mbona koti? Kuna msiba?"

"Nimekuja kikazi, Shangazi."

"Kikazi! Asubuhi umetoka mlango wa nyuma na mkate wangu mdomoni, sasa umezunguka mtaa mzima uje kunisalimia kwa mlango wa mbele?"

Foleni ya ndoo ikacheka. Muuza mkaa, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mochwari, akasema, "Muache bibi, mtoto kaajiriwa, lazima azunguke."

"Mradi wako umebainika kuwa na upungufu," Mratibu akasema kwa sauti ya kusoma.

"Wa nini?"

"Wa gharama. Mamlaka imefanya tathmini ya kina, ikaona kwamba katika kuileta plastiki kutoka pale ilipo hadi hapa ulipo, hutumii chochote."

"Si iko hapa hapa?"

"Ndiyo upungufu wenyewe."

Shangazi akaweka chini koleo. Akamtazama mpwa wake tangu nywele hadi viatu, kama mtu anayetafuta mahali kitu kilipovunjikia. "Ngoja nielewe. Nimekwenda kwa daktari, daktari amenipima, kaona siumwi. Sasa ananipeleka hospitali kwa sababu siumwi."

"Ni hali ya mpito, Shangazi. Tutaleta lori."

"La nini?"

"La kubebea hii plastiki."

"Kuipeleka wapi?"

"Hapa."

Foleni haikucheka tena. Watu walikuwa wanasubiri aendelee, kwa kuwa walidhani bado hajamaliza.

"Na nikikataa?" Shangazi akauliza.

Mratibu akatazama viatu vyake. "Kufuli. Mimi nimeambiwa nisikutishe."

Shangazi akatazama foleni: kikongwe aliyekalia dumu lake, mama mwenye mtoto mgongoni, wanafunzi na ndoo zao za kabla ya shule. Mtaa ule haukuwa na kisima kingine. Mfereji wa chini, ule wa bondeni mwa mtaa, ulikuwa na maji pia, lakini yalikuwa yameshapita kwa watu wengine kwanza.

"Nisikilize, Kalamu. Tanuri linatoa mafuta ya pampu na tone la ziada. Hilo tone ndilo linalowasha taa yako usiku unaposoma makaratasi yao. Ukiniletea mdomo mwingine hapa, nani atakosa?"

"Lori lina mafuta yake, Shangazi. Liko kwenye bajeti. Hutaguswa hata kidogo."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Shangazi akakubali kwa sababu ya kufuli, si kwa sababu ya moyo mweupe.

Lori likaja Jumatatu. Dereva wake alikuwa mtu wa maneno machache na kijiti cha meno, naye alisomewa mwongozo akiwa ameegemea tairi. Mwongozo ulikuwa wazi: safari isiyotimiza kilomita arobaini haitambuliki kuwa usafirishaji, kisheria ni matembezi. Kwa hiyo lori lilipakia upande wa magharibi wa jalala, likashuka mjini, likapita kwenye mzani wa Mamlaka uliojengwa mbele ya makao makuu, likazunguka barabara ya nje, likarudi, likashusha upande wa mashariki wa jalala lile lile, mbele ya tanuri. Mtu aliyesimama lilipopakia angeweza kurusha kandambili ikampata dereva anaposhusha. Muuza mkaa alijaribu. Ilimpata.

"Mama, mimi napelekwa tu," dereva akasema, akamrudishia kandambili yake.

Palikuwa na dosari ndogo ya kiufundi. Malori yalinunuliwa pamoja na maturubai ya kufunikia, lakini maturubai yalikuwa yamechukuliwa kuwa mahema ya sherehe ya uzinduzi, ambayo ilikuwa haijapangiwa tarehe na kwa hiyo ilibidi yabaki yamesimamishwa. Lori likawa linakwenda wazi. Likifika kwenye kona ya makao makuu, pale upepo unapobanwa kati ya majengo marefu, mifuko iliinuka mmoja mmoja, kisha kwa makundi, ikatua kwenye mfereji mkubwa wa maji taka unaopita mbele ya geti. Shehena iliyorudi jalalani ilikuwa nusu ya ile iliyoondoka.

"Tunaimwaga njiani," dereva akamwambia Mratibu.

"Tunaigawa," Mratibu akamrekebisha. Katika taarifa yake aliandika kwamba Mamlaka imefanikiwa kupunguza taka jalalani hata kabla hazijafika jalalani.

Hadi hapo kila mtu alikuwa na furaha, ukiacha watu. Kisha mafuta ya Mamlaka yakaisha. Hayakuibiwa, asikudanganye mtu. Yalitumika kwa kazi, katika msafara uliozunguka wilaya zote kuwaeleza wananchi habari za lori. Ukatoka waraka. Ulisema kwamba katika moyo wa kujitegemea, kila lori litakunywa kutoka kwenye mradi linaouhudumia.

Mratibu aliusoma waraka huo mbele ya tanuri. Nyuma yake dereva alikuwa ameshashika mpira na dumu tupu, anatazama pembeni.

"Kwa hiyo lori lenu limekuja na kikombe chake," Shangazi akasema.

"Ni kwa muda, Shangazi."

"Wewe uliniambia sitaguswa."

"Bajeti ilikuwepo. Nimeiona kwa macho yangu."

"Mimi nimeona mengi kwa macho yangu. Niliona mapipa yenye kufuli. Chukua."

Likachukua. Siku ya kwanza pampu ilinguruma nusu siku. Siku iliyofuata ilikohoa, ikanyamaza kabla jua halijakaza. Jumatano ndoo ziliwekwa kwenye foleni asubuhi na hazikuondolewa, kwa sababu kuondoa ndoo ni kupoteza nafasi, zikakaa pale zenyewe, tupu, kila moja na alama ya mwenyewe: kitambaa chekundu, jiwe, kiatu kisicho na mwenzake. Wenye ndoo walirudi nyumbani. Mtaa ukawa kimya kwa namna ambayo watu walishindwa kulala, kama mtu aliyezoea mkoromo wa mumewe.

Mratibu alioga kwa bakuli. Kisha akaoga kwa kikombe. Kisha akajifuta kwa kitambaa chenye unyevu, kisha akajipulizia manukato juu ya koti, na katika kikao cha wiki wenzake walimwachia kiti pande zote mbili wakidhani ni heshima ya cheo kinachokuja. Hawakukosea. Mkurugenzi Mkuu alisimama mbele ya ukuta ulioangaziwa mchoro, mstari mwekundu umepanda toka pembe ya chini hadi ukagonga dari.

"Mwezi uliopita, sifuri," Mkurugenzi Mkuu akasema. "Leo, asilimia mia moja. Mafuta yote yanayotoka kwenye lile tanuri yanatumika kusafirisha plastiki inayokwenda kwenye lile tanuri. Hakuna hata tone linalopotelea nje ya mfumo. Mimi katika utumishi wangu sijawahi kuona mradi uliokamilika namna hii. Tarehe ya uzinduzi imepatikana. Mheshimiwa Waziri atakuja mwenyewe."

Wakapiga makofi. Mratibu naye alipiga, lakini mikono yake ilikuwa mizito. Asubuhi ile mtoto wa jirani yao, yule anayejifunza kutembea kwa kushika ukuta wa uani, alikuwa amepelekwa hospitali. Mama yake alikuwa amechota mfereji wa chini, akachemsha, mkaa ukamwishia kabla maji hayajachemka. Mtoto hakuwa analia tena, na hilo ndilo lililowatisha. Kwenye taarifa palikuwa na kipengele kiitwacho Athari za Pembeni. Mratibu alishika kalamu juu ya kipengele hicho mpaka wino ukadondoka, akaandika: zipo.

Siku ya uzinduzi mahema yalipendeza sana. Yalisimama uwanjani mbele ya makao makuu, kando ya mzani, meza zimefunikwa vitambaa vyeupe, na jukwaa limepambwa kwa chupa zenye mabawa. Mratibu hakuwepo; alipangiwa awe jalalani na lori, ili Waziri akibonyeza kitufe huku, lori liondoke kule. Hakuna waya uliounganisha kitufe na lori. Mratibu angepigiwa simu.

Simu ikaja mapema kuliko ilivyopangwa.

"Mratibu," Mkurugenzi Mkuu akasema, na nyuma yake zikasikika sauti za watu wengi wanaosogeza viti. "Leta pampu."

"Pampu gani, Mheshimiwa?"

"Ya shangazi yako. Mfereji umeziba. Maji taka yamepanda mpaka uwanjani. Mheshimiwa Waziri amesimama juu ya kiti."

"Umezibwa na nini, Mheshimiwa?"

"Na malighafi."

Mratibu akafikiri. Hakuwa na haraka, kwa kuwa mwongozo ulikuwa kichwani mwake wote, na aliupitia ukurasa kwa ukurasa kutafuta mahali pa kushika. "Watu wa zimamoto, Mheshimiwa?"

"Nimewapigia. Pampu wanayo. Mafuta yao yalikwenda kwenye msafara."

"Hata hapa pampu ipo, Mheshimiwa, lakini ni kavu. Mafuta yote yako kwenye usafirishaji."

"Basi yatoe kwenye usafirishaji."

"Itashusha asilimia, Mheshimiwa."

Mkurugenzi Mkuu akasema neno ambalo halimo katika waraka wowote. Shangazi, aliyekuwa amesimama karibu akisikia kila kitu, akanyoosha mkono. "Hebu nipe hicho kisimu."

Akakiweka sikioni kwa utulivu wa mtu aliyekaa mezani. "Haloo. Hapa ni Mamlaka ya Pampu. Nikusaidie nini, mwanangu?"

"Mama, hii ni dharura ya kitaifa."

"Ombi lako limepokelewa. Kuna foleni."

"Foleni gani? Nakwambia Waziri amesimama juu ya kiti."

"Ndoo ya kwanza hapa iliwekwa Jumatano. Wewe umepiga leo. Sasa nikueleze utaratibu, kwa upole, maana nimeambiwa nisikutishe. Maji mnayo nyinyi. Mafuta mnayo nyinyi. Kwetu kuna pampu tu. Lori lishushe mafuta hapa, pampu inywe, mtaa uchote. Ndoo ya mwisho ikijaa, tunakuja kwenu."

"Hiyo ni hujuma."

"Ni utaratibu, mwanangu. Hujuma haina foleni."

Akamrudishia mpwa wake simu. Mratibu akabaki ameishika kama yai. Kule upande mmoja alikuwa Mkurugenzi Mkuu, Waziri, ghorofa nne, na cheo kilichokuwa kinasubiri saini. Upande huu zilikuwa ndoo, moja ina kitambaa chekundu, moja ina kiatu. Mama wa mtoto aliyelazwa alikuwa amefika kutoka hospitali kuchukua kanga safi, na hakuwa nayo, kwa sababu hakuna aliyefua. Alikuwa amesimama tu ukutani. Hakumwambia Mratibu neno. Mratibu angependa amtukane.

"Dereva," akasema, "mafuta hutolewaje kwenye tangi?"

Dereva akatoa kijiti mdomoni. "Bosi, hujui?"

"Mimi nayajua kwa taarifa."

"Ingiza mpira, vuta kwa mdomo, achia kabla hayajafika kooni. Wakubwa hawaachii, ndiyo shida yao."

Mratibu akavua koti. Akapiga magoti kando ya tairi, akavuta kama alivyoelekezwa, akavuta sana, kwa kuwa hakuwahi kufanya kazi nusu nusu maishani mwake. Mafuta yakamjaa mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Mratibu wa Gharama alionja kazi yake. Alitema, akakohoa, akatokwa machozi, na wakati anakohoa dumu lilikuwa linajaa.

Pampu ikakataa mara moja, ikakataa tena. Kisha, tu-tu-tu-tu.

Hakuna aliyepanga ndoo ya mama wa mtoto iwe ya kwanza. Ilifika tu pale mbele, ikapita mikononi mwa watu mmoja mmoja, na ikarudi imejaa kwa njia ile ile. Muuza mkaa akaibeba mwenyewe hadi nyumbani kwa mama huyo na kifuko cha mkaa juu yake, asidai bei.

Simu ikalia. "Mmefika kwa nani?"

"Kikongwe wa nyumba ya pili, Mheshimiwa."

"Ana ndoo ngapi?"

"Moja, lakini anajaza kwa kikombe. Hataki imwagike."

Ikalia tena. "Sasa?"

"Tuko kwa muuza mkaa. Ana ndoo na madumu."

"Mwambie apunguze."

Mratibu akamgeukia, akamweleza. Muuza mkaa akajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye simu bila msaada. "Mwambie nina wageni."

"Anasema ana wageni, Mheshimiwa."

"Mratibu, hivi unaelewa uko upande gani?"

Mratibu akatazama ndoo zilizobaki. Mdomo wake bado ulikuwa na ladha. "Nipo kwenye foleni, Mheshimiwa. Wewe uko nyuma ya mwalimu wa chekechea. Usitoke kwenye nafasi yako, watu wa huku ni wakali."

Kule uwanjani maji taka yalipanda hadi kwenye vitambaa vyeupe vya meza. Watumishi wa ghorofa zote nne walisimama dirishani na sare zao, kila mmoja akisubiri mwenye daraja la juu aamue. Hakuna aliyekuwa na idhini ya kuinama, kuokota. Mifuko ilizunguka taratibu miguuni pa jukwaa, ikiwa na alama za mzani wa Mamlaka, imefika salama. Waziri alimtazama Mkurugenzi Mkuu. Mkurugenzi Mkuu alitazama mbali, kama kwenye picha yake, ila safari hii taka zilikuwa pande zote. Mwishowe Waziri alivua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akashuka, akatembea ndani ya maji yale hadi barabarani, na Mkurugenzi Mkuu nyuma yake akiwa amembebea viatu. Ilikuwa safari ya kwanza ya Mamlaka isiyotumia mafuta.

Mtaani ndoo ya mwisho ilijaa jua likiwa limelala upande. Shangazi alipiga simu kuwaarifu wateja kwamba zamu yao imefika. Haikupokelewa.

Sasa usidhani mambo yaliishia hapo ukacheka ukaenda kulala. Mtoto yule amerudi nyumbani, amekonda, lakini ukuta anaushika. Mratibu amefukuzwa kazi kwa kosa la kusababisha upungufu wa gharama. Na Mkurugenzi Mkuu yupo. Hawa huwa wapo. Wa mapipa yuko ubalozini, wa mafagio ana shule yenye jina lake. Jana umebandikwa waraka mpya, kwenye nguzo ile ya kituo unachosimama kila siku. Unasema kwamba kwa usalama wa taifa, tanuri na pampu vitahamishiwa makao makuu, na plastiki ya jalala itakuwa inapelekwa huko kwa lori, na maji yatakuwa yanarudishwa mtaani kwa lori. Mstari mwekundu, wamesema, sasa utatoboa dari.

Lori linakuja Ijumaa asubuhi, saa kumi na mbili. Shangazi ameketi mbele ya tanuri na koleo lake magotini. Kalamu ameketi juu ya pampu, na safari hii hakuvaa koti. Muuza mkaa yupo, kikongwe yupo, mama wa mtoto yupo. Ni wachache, na lori ni pana, na dereva anapelekwa tu.

Pengo lililobaki ni la mtu mmoja mmoja kama wewe. Usiniambie unawahi. Funga duka, omba ruhusa, danganya kwamba unaumwa ikibidi, lakini Ijumaa kabla hakujapambazuka uwe umeketi chini mbele ya magurudumu yale. Anza sasa hivi: inuka hapo ulipo, mgongee jirani yako mlango, na umwambie aje na ndoo.